Kichocheo, kichochezi au katalisti?

Swali (Wete, Pemba): Shkamoo mwalimu. Nafasiri ripoti ya maabara kuhusu dizeli inayotengenezwa kwa asidi za mafuta (zile za mafuta ya mimea au ya wanyama), wanataja katalisti "ya kijani". Niandike kichocheo, kichochezi ama niache katalisti vivyo hivyo? Na hiyo kijani naifanyaje?

Jibu: Marahaba. Andika kichocheo. Katalisti si kosa, skuli wanaitumia na wanaelewana, ila letu naliona tamu zaidi, maana katalisti limetoka Kigiriki, Berzelius, mkemia wa Uswidi, kaliingiza kwenye kemia miaka ya 1830, na mzizi wake ni kufungua, kulegeza. Sie tumeingia jikoni.

Kumbuka jiko la mafiga, mama anakwambia "hebu chochea moto", unashika kijiti unasukuma kuni ndani, moto unakolea, kijiti unakiweka pembeni na kesho unakitafuta tena. Kuni zimeliwa, kijiti kipo. Ndo kichocheo cha kemia hicho, kinaharakisha kazi na chenyewe hakiliwi (ncha inaungua kidogokidogo, ndio, na vya maabara navyo huchoka). Kuna wanaofananisha na hamira, mie sikubali, hamira unaila pamoja na andazi.

Kichochezi kinanuka kesi ya uchochezi. Halafu ile -o ya mwisho ndo ya kifaa, kifuniko, kizibo, kichocheo, na -zi tunaizoea kwa mtu, mlezi, mlinzi, mchochezi.

Sasa kijani, yaani isiyochafua mazingira, hapo pana mtego. Ukiandika "kichocheo kibichi" msomaji atadhani hakijaiva, ukiandika "cha kijani" atadhani rangi, na baadhi yake ni vyeusi tii kwa sababu ni mabaki ya mimea yaliyochomwa yakawa makaa kisha yakatiwa asidi. Tazama kinachosemwa khasa. Kichocheo cha zamani ni asidi salfuriki, ile ile ya betri ya gari, asidi ya mafuta inakutana na methanoli, aina ya spiriti, inatoka esta, ndo dizeli yenyewe, na maji, kazi inafanyika vizuri tu lakini ile asidi imeyeyuka humo humo, inakula vyombo, na kuiondoa mpaka uizimue kwa kitu chengine na uoshe kwa maji mengi. Hiki kipya ni kigumu, hakiyeyuki, unakichuja kama machicha kwenye kifumbu na unakirudisha kazini. Chokaa nayo wanaitumia lakini kwa mafuta yasiyo na asidi nyingi, ukiitia kwenye asidi za mafuta unapata sabuni.

Kwa hiyo mie ningeandika "kichocheo kigumu kinachochujika na kutumika tena", refu lakini halidanganyi. "Kichocheo safi" usiandike, kwa mkemia safi ni kisichochanganywa na kitu. Na msimamizi wako akikubana anataka ufupi, mpe "kichocheo rafiki kwa mazingira", watu washalizoea.