Radio ya Cessna inalia wiii moteri ikipanda

Swali: Fundi, niko Lubumbashi, tuko na Cessna 206 ya zamani pale Luano, kiwanja cha ndege. Mu kaske ya masikio kunalia mluzi, ukiongeza gazi nao unapanda, ukipunguza unashuka. Tumeweka filta mupya kwa fili ya moto ya radio, bado inalia tu. Shida iko wapi?

Jibu: Ndugu yangu, hiyo filta mlikimbilia mbele ya kujua kelele inaingilia wapi. Mluzi wenye unafuata moteri mara mingi ni altenateri (mashine ya kuchaji batri), sawa, lakini inaweza kupita kwa anteni, kwa fili ya moto, ao kwa fili za kaske zenyewe, na filta yenu inaziba njia moja tu.

Sasa fanya hivi, ndege ikiwa imesimama na moteri inazunguka: teremsha volimu ya radio mpaka mwisho. Mluzi ukibaki vile vile, basi anteni haina kosa, kelele inaingia kwa upande wa sauti, na hapo mimi ninaangalia jaki za kaske kwanza. Jaki haipashwe kugusa bati ya ndege, inakaa mu washa (pete ndogo) za plastiki na masi yake (njia ya umeme kurudia) inarudi kwa intakomu, kile chombo cha kusemeshana mu ndege, na fili yake. Zile washa zinapasuka na uzee, ao mtu alibadilisha jaki akazitupa (hiyo ninaiona sana), na umeme wa altenateri wenye unarudia mu bati unakuja moja kwa moja mu masikio yako. Fungua nati, sukuma jaki nyuma ya tablo isiguse chuma popote, sikiliza tena. Ikinyamaza, umeshapata, washa mbili na kazi imeisha.

Kama mluzi unashuka pamoja na volimu, punguza moteri, uzime upande wa ALT (altenateri) wa swichi kidogo, batri ibaki. Ikinyamaza hapo hapo ni altenateri ao masi yake. Rudisha, washa taa ya kutua: mluzi ukizidi na mzigo, shuku diode, vile vipande vya ndani ya altenateri vinageuza AC (umeme wa kwenda na kurudi) kuwa umeme wa batri, juu diode moja ikikufa altenateri bado inachaji na sindano ya kuchaji inakudanganya kila kitu iko bien. Weka multimita kwa AC pale kwa batri utaona. Lakini mbele ya kuifungua angalia ule mkanda wa masi toka moteri kwenda kwa bodi. Moteri inakaa juu ya mipira, kwa hiyo umeme wote unarudia pale, na kwa vumbi nyekundu ya huku kisha mvua kutu inajificha chini ya boluti. Fungua, sugua mpaka ing'ae, kaza.

Chomoa pia chaji za simu, zile za bei ya chini zinachafua radio ya VHF kabisa.

Kelele ingekuwa ta-ta-ta ningesema manyeto, zile mbili zinatoa cheche za moteri. Unageuza ufunguo kwa L (ya kushoto peke yake), ikinyamaza basi ya kulia njo inasumbua, angalia fili yake ya kuzimia, ganda la masi limekatika. Fili yenyewe ikikatika ni hatari, manyeto inabaki hai hata ufunguo umezimwa na propela inaweza kuruka mtu akiigusa, kwa hiyo usiishike propela na mkono.

Anza na volimu, uniandikie imetoa nini, na kama kaske ya abiria nayo inalia ao ni ya piloti peke yake. Na mekanisie mwenye leseni njo atie saini kwa karatasi za ndege, ata kama ni washa mbili tu.