Mfumo Ndio Umesema?

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani umegombana na mtu, maana ulikuwa unahema kama umefukuzwa na mbwa. Kumbe ubishi wa kazini. Nimeona bora nikuandikie, kwa sababu kwenye simu ukishaanza kusema mimi sipati nafasi.

Swali lako nimelielewa hivi. Hapo ofisini kwenu Nairobi mwenzako mmoja kasema siku hizi kompyuta inathibitisha mambo ya hisabati ambayo hakuna binadamu anayeweza kuyasoma yote mwanzo hadi mwisho. Wewe ukajibu kwamba kama hakuna mtu aliyeusoma uthibitisho, basi hatujajua kitu, tumeambiwa tu. Wakakucheka, wakasema umezeeka kabla ya siku zako. Sasa unataka mama yako, mwalimu wa hisabati mstaafu, aamue nani yuko sahihi.

Wote mmekosea, ila wewe umekosea kwa heshima zaidi.

Hapa mezani nimekaa na Abuu wa kaka yako, shule zimefungwa. Nimempa ramani ya Afrika isiyo na rangi na penseli tatu: nyekundu, kijani na buluu. Sharti ni moja tu, nchi mbili zinazopakana zisipakwe rangi moja. Kaanzia Moroko, anashuka taratibu, ulimi nje kama baba yake alipokuwa anajifunza kuandika. Anaamini tatu zitamtosha. Sijamwambia habari ya Malawi.

Malawi imezungukwa na nchi tatu tu, yaani Tanzania, Zambia na Msumbiji. Sasa angalia hizo tatu zenyewe. Sisi tunapakana na Zambia pale Tunduma, tunapakana na Msumbiji kwenye Ruvuma, na Zambia na Msumbiji nazo zinagusana. Kwa hiyo zote tatu lazima zitofautiane, na rangi zimekwisha. Malawi imebaki katikati haina nguo. Lazima itafutwe ya nne. Burundi, Rwanda, Kongo na sisi tumekaa vivyo hivyo, ukikumbuka kwamba mpaka wetu na Kongo unapita majini, Ziwa Tanganyika.

Kwamba tatu hazitoshi, umeona mwenyewe kwa mistari michache. Swali gumu ni jingine: je, nne zinatosha kila ramani, hata ile ambayo haijachorwa bado? Swali hilo lilianza mwaka 1852 na kijana Mwingereza, Francis Guthrie, aliyekuwa akipaka rangi ramani ya majimbo ya Uingereza. (Huyu aliishia bara letu. Alifundisha Afrika Kusini miaka mingi na akafia huko.) Mwaka 1879 mwanasheria wa London, Alfred Kempe, akatoa uthibitisho kwamba nne zinatosha. Wenye elimu wakausoma, wakaridhika. Miaka 11 ukakaa unaheshimika. Halafu mwaka 1890 Percy Heawood akaonyesha tundu ndani yake, na Kempe mwenyewe akakubali kwamba hawezi kuliziba.

Simama hapo kidogo, mwanangu, kwa sababu ubishi wako wote unategemea hapa. Uthibitisho wa Kempe uliandikwa na mtu, ukasomwa na watu, ukapendwa na watu. Ulikuwa mfupi, wa kueleweka, kalamu na karatasi. Na ulikuwa mbovu. Kwa miaka 11 hao wasomaji wote walidhani wanajua. Kusomwa na binadamu si dhamana kama unavyofikiri. Mimi nimesahihisha madaftari miaka 34, nakuambia najua macho ya binadamu saa nne usiku yanavyopitisha kosa na kuliwekea alama ya vema.

Basi swali likakaa mpaka 1976. Kenneth Appel na Wolfgang Haken wa Chuo Kikuu cha Illinois wakasema limekwisha. Waliligawa: kama kungekuwa na ramani inayodai rangi ya tano, lazima ingekuwa na mojawapo ya miundo fulani ndani yake, miundo inayokaribia 2,000. Kisha wakaonyesha kwamba kila mmoja wa hiyo hauwezi kuwamo katika ramani ya namna hiyo. Kazi ya kuipima waliipa kompyuta, ikatumia zaidi ya saa 1,000. Chuo kikafurahi hata mhuri wa barua zake ukawa unasema rangi nne zinatosha. Wengine hawakufurahi. Walisema huu si uthibitisho, ni jaribio la maabara. Maneno yako wewe, karibu neno kwa neno, miaka karibu 20 kabla hujazaliwa.

Kuna kisa nakipenda. Mtoto wa Haken, Armin, alikwenda kutoa mhadhara juu ya kazi ya baba yake kwenye chuo kikuu cha Berkeley, Marekani. Wasikilizaji wakagawanyika. Waliozidi miaka 40 hawakuweza kuamini sehemu iliyofanywa na kompyuta. Wale wa chini ya 40 hawakuweza kuamini ile sehemu nyingine, kurasa mamia zilizokaguliwa kwa mkono. Ulinganishe na ofisini kwenu. Na wewe kwa umri wako ulitakiwa kukaa na vijana, sasa sijui umekuja kukaa upande wa wazee kufanya nini.

Tena kurasa hizo za mkono, unajua walizikagua na nani? Na watoto wao! Wazazi wengine huwatuma watoto dukani, hawa waliwapa michoro watafute makosa, na makosa yalipatikana yakarekebishwa. Nilipolisoma hilo nilikukumbuka ukijumlisha alama za darasa zima kwenye mkeka, unanidai shilingi hamsini kila kosa.

Sasa nikueleze kwa nini wenzako nao wamekosea.

Nilipostaafu mwaka 2020, ofisi moja ilinikokotolea mafao. Jina lake silitaji, mambo yangu bado yanapita kwao. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu, umri wako. Kaniambia miezi yangu ya utumishi ni 400. Nikamwambia mwanangu, mbona mimi najua ni zaidi? Akasema, “Mama, mfumo ndio umesema.” Nikasema sawa, umesema, kwa hesabu gani? Akageuza kioo kidogo, akakirudisha. “Mfumo haukosei, mama.”

Nikatoka nje, nikakaa chini ya mwembe, nikageuza bahasha. Machi 1986 mpaka Februari 2020 ni miaka 34, hiyo ni miezi 408. Ongeza Machi, Aprili, Mei na Juni: 412. Nikarudi na bahasha yangu. Foleni ikaguna, na mzee mmoja nyuma akasema huyu mama atatuchelewesha. Nikamwomba kijana afungue ukurasa wenye tarehe tu, nisome mwenyewe. Akafungua. Mahali pa tarehe ya kuajiriwa palikuwa pamejazwa tarehe ya kuthibitishwa kazini, mwaka mzima baadaye. Kuthibitishwa, umeona? Neno hilo hilo unaloniuliza lilikaribia kuninyima miezi 12.

Kompyuta haikukosea kujumlisha. Ilijumlisha vizuri sana kitu ambacho hakikuwa sahihi. Na yule kijana hakuwa mbaya, alikuwa amefundishwa kwamba kazi yake ni kusoma namba kwa sauti. Kilichoniuma ni lile jibu, kwamba mfumo umesema na basi. Wenzako wanapokucheka wanasema kitu hicho hicho kwa Kiingereza kizuri.

Kwa hiyo mimi siulizi kama aliyefanya kazi ni mtu au mashine. Nauliza njia iko wapi. Wanafunzi wangu walinichoka kwa neno hilo. Jibu sahihi bila njia nilikuwa nalipatia alama moja, na aliyeleta njia nzuri akateleza mwishoni akapata tatu. Wazazi wawili watatu walikuja kulalamika kwa mkuu wa shule.

Appel na Haken waliweka njia mezani. Ndiyo maana wengine waliweza kuirudia. Kwenye mwaka 1997 watu wanne, Robertson, Sanders, Seymour na Thomas, walitoa uthibitisho mwingine kwa mtindo ule ule, wakapunguza miundo ikawa 633, kompyuta yao nyingine, programu yao nyingine. Mwaka 2005 Georges Gonthier akauandika wote upya katika lugha ambayo programu iliyoitwa wakati huo Coq (siku hizi Rocq) inaikagua hatua kwa hatua, hairuki hata ile tunayosema “ni dhahiri”. Sehemu ya Coq inayotoa hukumu ni ndogo, na watu wameisoma na kuirudia. Humo hakuna aliyetuambia tu. Umekaguliwa kuliko mafao yangu, na kuliko kazi ya Kempe.

Machungwa ya Muheza nayo yana kesi kama hiyo. Unajua wauzaji wa barabarani wanavyoyapanga, kila chungwa linakaa kwenye kishimo cha yale ya chini. Mwaka 1611 mwanafalaki Mjerumani, Kepler, alisema hakuna upangaji unaobana mipira kuliko huo. Uthibitisho wa mwanahisabati Mmarekani, Thomas Hales, ulikuja 1998, nao wa kompyuta. Wakapewa wakaguzi 12. Wakahangaika nao miaka, mwisho wakasema wana uhakika asilimia 99. Asilimia 99, kwenye hisabati! Hales hakuridhika, akaenda kuufanyia ukaguzi wa mashine hatua kwa hatua, wakamaliza 2014. Yaani watu 12 wenye akili walishindwa kusema ndiyo kamili, mashine ikaweza. Waambie hilo wale wa upande wako.

Lile jambo la mashindano ya hisabati ya wanafunzi wa dunia ulilonitajia, nimelifuatilia. Mwaka 2024 programu za akili bandia za Google DeepMind zilipata alama 28 kati ya 42, kiwango cha medali ya fedha, na ile iliyojibu maswali ya aljebra na nadharia ya namba iliandika majibu yake katika lugha inayokaguliwa na mashine. Swali jingine liliichukua siku tatu. Siku tatu, wakati watoto wana saa nne na nusu kwa kila karatasi; mimi ningeinyang'anya karatasi. Mwaka uliofuata zikafika 35, kiwango cha dhahabu, sasa zikiandika kwa maneno ya kawaida na ndani ya muda ule ule wa watoto. Wengi walisifu 35. Mimi naiheshimu zaidi ile 28, maana sehemu kubwa ya njia yake ilikaguliwa na mashine hatua kwa hatua. Majibu ya maneno matamu yanataka msahihishaji aliye macho, na wengi wanaoiuliza mashine swali kwenye simu hawana msahihishaji. Wana jibu tu.

Hata hivyo, mwanangu, kuna kitu umekigusa ambacho wenzako hawakukisikia, na mimi sitakuficha kwamba kinanikera mpaka leo. Heawood alipovunja kazi ya Kempe, aliokota vipande vyake akathibitisha kwamba rangi tano zinatosha. Huo niliwahi kuufundisha ubaoni, kipindi kimoja, vijana wa kidato cha sita. Inafika mahali unafuata mnyororo wa nchi nyekundu na kijani kuzunguka, kisha unaona ule wa buluu na njano hauna pa kupita, umefungiwa kama kuku ndani ya uzio. Binti mmoja alisimama bila kuitwa akasema, “Ah! Kwa hiyo haiwezekani!” Alikuwa ameona kwa nini. Wa rangi nne sijawahi kuufundisha namna hiyo. Naweza kusema umekaguliwa, naweza kusema naukubali, lakini “ah” yake sina. Najua kwamba ni kweli, sijui kwa nini ni kweli. Nadhani ulichokuwa unakitetea hapo ofisini ni hicho, ila ulikiita kujua, wakakushika kwenye neno.

Kesho ukirudi usiwaambie mama kasema. Chora Malawi na majirani zake kwenye karatasi, wape penseli tatu, unyamaze.

Dawa za presha nimezipata, usitume hela nyingine. Mwembe wa nyuma umezaa vibaya mwaka huu. Abuu alikuwa anaimba, sasa amenyamaza ghafla na anatafuta kitu kwenye droo ya kabati. Nadhani penseli tatu zimemwishia. Ngoja nikamwone.

Mama yako,
Tanga