Nafagia kanisa, wengine wanapewa vyeo

SWALI: Shikamoo mchungaji. Mi nafagia kanisa na kupanga viti kila Jumamosi, mwaka wa sita sasa, juzi wamechagua viongozi wa idara wakachukua hadi waliookoka mwaka huu huu, mi hata kutajwa sikutajwa. Naumia sana, je hiki ni kiburi?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Kuumia sio kiburi. Hebu fungua Yohana 13, kabla Yesu hajajifunga kitambaa na kuosha miguu ya wanafunzi, mstari wa 3 unasema alijua ametoka kwa Mungu na anarudi kwa Mungu, yaani hakuinama kwa sababu hana thamani, aliinama huku anajijua ni nani, na miguu ya Yuda, yule aliyemsaliti, nayo ilikuwemo humo humo, akaiosha! Hapo huwa nanyamaza kabisa.

Ila usikae na donge moyoni ukaliita unyenyekevu, nenda kwa mzee wa kanisa umwambie kwa upole tu kwamba unatamani kuhudumu zaidi, na uombe mtu wa kusaidiana naye hiyo Jumamosi maana mwili unachoka jamani. Ukishaongea nae niandikie tena, nakuombea.