Kadi za mtandao: programu moja, mifumo mitatu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasimamia maabara ya kompyuta shuleni, Morogoro: mashine 14 za Windows, 5 za Ubuntu na Mac moja ya mkuu wa shule. Programu yangu ya Python huorodhesha kadi za mtandao kwa kusoma folda ya /sys/class/net. Kwenye Ubuntu inakubali, kwingine inagoma. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Folda hiyo ni ya Linux tu (Ubuntu ni aina mojawapo ya Linux), Windows na Mac hazinayo. Wala usikimbilie kuita ifconfig, amri inayoonyesha kadi za mtandao, na kuchambua maandishi yake. Mimi nilifanya hivyo, na nilipohamia mashine mpya ya Ubuntu amri yenyewe haikuwepo. Kulikuwa na amri nyingine, iitwayo ip. Usiku mzima ulipotea.

Ndani kabisa, Linux na Mac hutumia kitendaji (function) cha mfumo kiitwacho getifaddrs, Windows hutumia GetAdaptersAddresses. Huna haja ya kuzigusa. Ita socket.if_nameindex() iliyomo ndani ya Python, Windows inaipokea kuanzia Python 3.8. Lakini hiyo hutoa namba na jina pekee. Kwa kazi yako ningesakinisha psutil, maktaba ya ziada ya Python, na kuita psutil.net_if_addrs(), upate anwani za IP na za MAC (anwani ya kadi yenyewe, si kompyuta ya Mac) kwa mifumo yote mitatu.

Tafadhali sana, usijenge programu juu ya majina. Kadi ya waya Ubuntu inaweza kuitwa enp3s0, Mac ikawa en0, Windows ikawa Ethernet. Hata kadi ya loopback, ile ambayo kompyuta hujisemesha yenyewe, ni lo kwenye Linux na lo0 kwenye Mac; itambue kwa anwani yake, 127.0.0.1.