Kabla hujabeba difu ya mtumba, hesabu kwanza

Wadogo zangu mnaoanza gereji hapa Dodoma, nawaambia kitu kilichonitoa jasho. Kuna jamaa ana Hilux anapakia mahindi Kibaigwa, difu ya nyuma (ile ya gia katikati ya aksi, inayogawa nguvu kwa tairi mbili) ikafa, tukaenda kwa muuza spea akasema "ni ileile fundi, funga tu". Nikafunga. Wiki haijaisha jamaa kaingia kwenye mchanga huko Bahi, kaweka foo wili (tairi zote nne zivute), gari ikawa nzito kama inavutwa kwa nyuma, na kuitoa foo wili lever ikagoma kabisa. Kuja kuhesabu reshio, yaani propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) inazunguka mara ngapi kwa krauni (gia kubwa ndani ya difu) kuzunguka mara moja, mbele 4.3 nyuma 3.9. Yaani mbele na nyuma zinabishana, unategemea nini? Kazi nikairudia bure.

Sasa kuhesabu ni rahisi, hata nyumbani unafanya. Weka mawe tairi za mbele, tena mawe ya maana, maana handibreki inashika nyuma na hapa lazima uiachie. Piga jeki tairi moja tu ya nyuma, weka stendi chini ya aksi, usiamini jeki peke yake. Gia nyutro, na kama ni foo wili hakikisha ipo tuu wili (tairi za nyuma tu zinavuta). Futa grisi na vumbi kwenye propela halafu chora mstari kwa chaki, mwingine kwenye tairi, mwenzio alale pembeni aangalie propela wewe uzungushe tairi.

Hapa ndo wengi wanapotea. Tairi moja ikiwa chini na nyingine juu, difu ya kawaida inaizungusha ile ya juu mara mbili kwa krauni kuzunguka mara moja. Kwa hiyo ukizungusha tairi mara moja utapata mbili na kidogo, na kijana mmoja aliwahi kuniambia "bro hii ni 2.05", nikacheka mpaka nikakaa chini. Zungusha mara mbili, propela ikizunguka nne na kidogo, hiyo ni 4.1.

Ila hicho "kidogo" ndo shida, 3.9 na 4.1 kwa macho zinafanana. Mimi nazungusha tairi mara ishirini. Propela ikienda 39 ni 3.9, ikienda 41 ni 4.1, 43 ni 4.3, hakuna ubishi, ila msipige stori katikati mtapotea hesabu muanze upya.

Tairi ikigoma kuzunguka wakati mwenzake yuko chini, hiyo difu ina loki au ni ya kubana (haziachi tairi mbili zizunguke tofauti), nyanyua zote mbili, zikienda pamoja mzunguko mmoja wa tairi ni mmoja wa krauni, hapo hugawi kwa mbili, kuzungusha tairi mara kumi kunatosha.

Na kwa muuza spea, kichwa cha difu kikiwa chini kwenye turubai, chora krauni, zungusha flenji ya pinioni (gia ndogo inayosukuma krauni, propela hufungwa hapo) huku ukihesabu mizunguko yake mpaka krauni imalize kumi. Au hesabu meno, krauni 41 kwa pinioni 10 ni 4.1. Akianza kununa kwamba unamchelewesha, mwache anune, we endelea kuhesabu.