Barua kwa mwanangu: rangi ya injini ya Bububu

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Picha za injini yako ya treni ya kuchezea zimefika kwenye simu ya dada yako, nikazitazama mpaka akaja kuninyang'anya. Unaniuliza jambo moja tu: reli ya Bububu hapa Unguja isingeling'olewa, ikadumu mpaka zama za dizeli, injini zake zingelipakwa rangi gani? Nyekundu ya bendera ya zamani ya Sultani, au mistari ya buluu, nyeusi na kijani ya baada ya 1964? Na unataka jibu kabla hujafungua kopo.

Tuzungumze uchafu kwanza.

Umenisikia tangu unanishikia kopo la tina pale uani: kitu huchakaa pale kinaposhikwa. Mtu akiniletea gari nilipake, sikuwa naangalia rangi yake. Nilikuwa naangalia wapi imeondoka. Hapo ndipo unapojua gari limefanya kazi gani, dereva wake mrefu au mfupi, konda wake mvivu au hodari. Rangi mpya haisemi chochote.

Injini yenyewe nimeipenda. Umeniandikia kuwa General Electric walianza kuiunda ile ya kweli 1940, na sababu yake imenichekesha: kule Marekani 1937 walikubaliana kuwa injini ya ratili 90,000 na zaidi lazima iwe na mtu wa pili pembeni ya dereva, basi wajanja wakaunda ya tani 44 za kwao, ratili 88,000, ikapita chini ya kamba. Kebini katikati, mashine moja mbele, moja nyuma. Kwa Bububu inafaa sana. Reli ile ilijengwa na Wamarekani 1905, kutoka Ngome Kongwe mpaka Bububu, maili saba hivi, kwa hivyo dizeli ya Kimarekani isingelikuwa mgeni. Dereva mmoja anatosha, pesa ya mtu wa pili apewe konda.

Lakini kuna hili la upana. Reli ya Bububu ilikuwa ya futi tatu, yaani milimita 914. Yako ni ya kipimo cha moja kwa 87, inakwenda juu ya reli ya upana wa milimita 16.5. Zidisha kwa 87, utapata kama 1435, ambayo ni reli pana kama ile mpya ya umeme ya Dar na Dodoma. Kwa futi tatu ulihitaji milimita kumi na nusu. Nilikaa na kalamu nikiifanya hesabu hii mpaka mama yako akaniuliza nani kafa. Nikataka kukwambia uuze hiyo utafute nyengine. Halafu nikajiuliza, nani atakayeipima? Waliopanda treni ile wote wameshatangulia mbele ya haki. Halafu nikajijibu kuwa wewe mwenyewe utajua, na kila ikipita utaiona pana. Halafu tena, reli yenyewe ya kubuni! Ukiweza kubuni serikali iliyoitunza reli miaka yote hiyo, utashindwaje kubuni kuwa ilipanuliwa? Basi iache. Lakini ungelianza upya, mimi ningelianza na kumi na nusu.

Sasa kazi. Fungua bodi utenganishe na chesisi, na fanyia ndani ya sinia lenye ukingo, maana vispringi vya kulabu vikiruka huvioni tena. Lile pande la chuma lililomo ndani usilitoe hata ukiona linakuzuia, uzito wake ndio unaoyafanya magurudumu yashike reli. Na rangi isiguse magurudumu wala vile vidole vya shaba vinavyoyagusa, umeme unapita hapo. Rangi ya kiwandani itoe kwa spiriti na mswaki wa zamani. Usije ukatumia tina! Tina ni ya bati na mbao, plastiki itakuyeyukia mkononi. Kisha osha bodi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, liache likauke, na baada ya hapo usilishike kwa vidole vitupu, vina mafuta.

Naikazania hii ya kuosha kwa sababu ya lile gari la Bububu. Nakumbuka nilikuhadithia kipande, lakini hukuwa unasikiliza.

Lilikuwa gari la mbao, njia hiyo hiyo ambayo siku hizi daladala zake zinaitwa 502. Mwenyewe, jina nalihifadhi kwa sababu watoto wake tunasali nao, aliniambia nilipake samawati, na ubao wa nyuma nichore ninachotaka. Nikachora treni. Aliyenielekeza ni bibi, mama yake babu yako. Alikuwa ameipanda akiwa mtoto, na wakati ule macho yake yalishaingia ukungu, kwa hivyo alinichorea hewani kwa mkono: bomba la moshi refu hivi, kengele hapa, mabehewa yamewazi pembeni, watu wamekaa upepo unawapiga. Mimi nashusha kwa chaki kwenye ubao, namsomea nilichochora, yeye anasema bomba bado fupi. Nikalirefusha. Akasema bado. Lilikaribia kugusa paa la gari. Nikapaka kwa brashi ya namba ndogo kabisa, mpaka cheche za moto niliziweka moja moja kwa ncha ya njiti.

Wiki haikwisha mwenye gari kaja. Abiria wanacheka, anasema. Wanamuuliza lini Bububu kulikuwa na treni, na wengine wanasema gari lake linakwenda pole kama treni ya mabibi. Nikamwambia treni ilikuwapo, Ngome Kongwe yenyewe iliwahi kuwa bohari ya reli, na hata kabla ya hapo Sayyid Barghash alikuwa na reli yake ya kwendea Chukwani. Akanitazama. Akasema, "Fundi, mimi nauza siti, siuzi hadithi." Akalipeleka kwa fundi mwengine, treni ikafunikwa, juu yake akachorwa tai kakunjua mbawa. Tai! Bububu kuna kunguru, tai wa nini?

Bibi sikumwambia. Kila nikenda kumtazama aliniuliza, treni yangu inakwenda? Namjibu inakwenda, bibi, kutwa inakwenda na kurudi. Na kweli ilikuwa inakwenda, chini ya tai. Mpaka sasa nikikumbuka roho inanichoma, wala si kwa ajili ya pesa, alinilipa yote.

Lakini sikiliza. Yule fundi mwengine hakupiga msasa. Alipaka rangi ya mafuta juu ya rangi yangu ya mafuta iliyokuwa bado inang'aa, na hakuosha, na rangi haishiki juu ya kioo. Konda alikuwa anasimama nyuma, mkono wa kushoto kaushika ubao, goti kaliegemeza chini. Pale penye mkono pakaanza kubambuka. Siku moja nimesimama Darajani nasubiri mtu, gari likapita, nikaona bomba la moshi limetoka kwenye ubawa wa tai. Baada ya muda ikatoka kengele. Baada ya muda tena, pale penye goti, gurudumu. Nilikuwa nikitafuta sababu ya kwenda Darajani ili nilione tu, na mama yako akidhani kuna mambo mengine. Kitu huchakaa pale kinaposhikwa, na mara moja hiyo kuchakaa kulinifanyia insafu.

Kwa hivyo osha, na piga praima, ile rangi ya chini, nyembamba. Ya kijivu inatosha. Ukiamua nyekundu, nyeupe itaing'arisha zaidi, lakini sijasema uamue nyekundu. Rangi nayo piga nyembamba mara nyingi, acha ikauke baina yake. Ukipiga nzito mara moja utaziba misumari na mianya ya rejeta, na injini itakuwa kama sabuni iliyotumika. Kabla ya vibandiko vya maji vya herufi pitisha vanishi ya kung'aa, maana juu ya rangi kavu isiyong'aa hewa hubaki chini yake na herufi zikafanya weupe pembeni. Vikishakauka, funika kwa vanishi isiyong'aa. Hapo ndipo kazi ya kweli inapoanza.

Masizi weka juu ya boneti, kuanzia kwenye ekzosi, yafifie kuelekea kwenye kebini. Usinyunyize kila mahali, moshi hauna wazimu. Chini ya mfuniko wa tangi la mafuta pitisha mchirizi mmoja mweusi unaong'aa kidogo, dizeli humwagika kila siku pale pale. Kutu usiipake kama rangi. Iteremshe kutoka kwenye misumari na ukingo wa chini, kwa sababu reli ile inapita karibu na bahari na chumvi huanzia penye upenyo. Vumbi lipate sehemu mbili. Upande wa Bububu ni kinongo, kahawia iliyoelemea wekundu, likae kwenye bogi, yale mafremu ya magurudumu, na ngazi. Halafu kuna jeupe: abiria walipoacha kubebwa miaka ya 1920, treni ilibaki kuchukua mawe ya kujengea bandari, na vumbi la mawe yetu unalijua linavyoingia hata kwenye kope. Kwaruza chaki kwa kisu, upate poda, uipake kwa brashi kavu.

Na kebini. Dereva wa Kizanzibari asingelifunga dirisha hata iweje. Ondoa kioo cha upande wake. Chini ya dirisha hilo, pale kiwiko kinapokaa, chukua msasa laini kabisa usugue rangi kidogo mpaka praima ionekane, pafupi, kama ukucha wa kidole cha mwisho cha mtoto. Fanya hivyo hivyo kwenye mkono wa kupandia, kwa ndani, si kwa nje. Upande wa pili usifanye, hakuna mtu wa pili, wenyewe Wamarekani ndivyo walivyotaka.

Ya rangi sasa. Unanitia mtihani, mwanangu. Huko uliko rangi ni rangi. Hapa ukipaka ukuta wa nyumba yako kijani na njano jirani anakuuliza umeanza lini, ukipaka zambarau anakuuliza mwengine. Ukiweka nyekundu watakwambia unamlilia Sultani, ukiweka mistari ya bendera watasema unajipendekeza, na wewe unacheza na treni yako darini Uingereza hujamkosea mtu. Mimi ningelisema reli ingelipakwa kile kilichokuwamo bohari kwa wingi wakati huo, maana ndivyo serikali zote zinavyopaka. Na kilichokuwamo bohari... hapana, sisemi. Reli ni yako. Ila samawati si mbaya. Sikusema chochote. Mama yako kasema nyekundu, na kasema kwa sauti, lakini yeye hajawahi kupaka kitu maishani mwake isipokuwa hina.

Nitumie picha kabla hujapitisha vanishi ya mwisho, upande wa dereva, mchana, bila taa. Na ukija Mfungo Mosi niletee brashi za namba tatu sifuri, za manyoya ya kweli. Za Darajani zinapukutika.

Baba yako