Maswali ya Wasomaji: Mfuko wa Kulipia Supamaketi

SWALI: Ndugu Mhariri, nikifika kaunta keshia ananiuliza kama nahitaji mfuko. Nikisema ndiyo, bei yake inaongezwa kwenye risiti, na mfuko wenyewe umechapwa jina la duka. Yaani nalipa ili niwatangazie biashara? Na hiyo pesa ni kodi au ni faida yao?

JIBU: Kuhusu tangazo, una haki ya kulalamika, na dawa yake ni nyepesi: mfuko uliotoka nao nyumbani hautozwi, hata ukiwa na jina la duka la jirani. Kuhusu pesa, yote hutegemea sheria ya mahali ulipo.

Ireland ilianza tarehe 4 Machi 2002 kwa senti 15 za euro kwa mfuko mmoja. Kule ni tozo ya serikali. Duka linakusanya tu na kuiwasilisha kwa mamlaka ya mapato, kisha fedha hutengwa kwa kazi za mazingira. England ilianza Oktoba 2015 kwa peni 5, ikapanda hadi peni 10 Mei 2021, ila mtindo wao ni mwingine: sheria inalilazimisha duka kutoza, lakini serikali huchukua VAT peke yake. Zinazobaki ni za duka, nalo hutarajiwa, si kulazimishwa, kuzitoa kwa shughuli za jamii. Denmark wao wanatoza kodi kwa uzito wa mifuko tangu 1994, na anayelipa ni mtengenezaji au mwagizaji. Mteja hukutana nayo ikiwa imeshajificha ndani ya bei. Mahali pasipo na sheria yoyote, duka linatoza kwa hiari yake na pesa ni mauzo kama mauzo ya sabuni.

Kwa hiyo isome risiti. Mfuko ukiwa na mstari wake peke yake, angalau unajua ulichotozwa. Ukikuta umeingizwa bila kuulizwa, sema kabla hujalipa, maana hapo keshia anafuta mstari mmoja basi. Ukishalipa inageuka kuwa marejesho, na mara nyingi hayo humsubiri msimamizi wa zamu huku foleni nyuma yako ikikutolea macho.

SWALI: Kwa nini wasitupunguzie bei sisi tunaokuja na vikapu vyetu, badala ya kuwaadhibu waliosahau?

JIBU: Limeshapimwa. Mtafiti Tatiana Homonoff alilinganisha tozo ya senti 5 kwa mfuko na zawadi ya senti 5 kwa mteja aliyekuja na wake, katika maduka ya eneo la Washington, D.C. Kiasi ni kile kile, matokeo mbalimbali kabisa. Tozo ilipunguza wanaochukua mifuko ya dukani kwa zaidi ya wateja 40 katika kila 100. Zawadi haikubadilisha karibu chochote. Senti ya kupewa husahaulika kabla hujafika mlangoni, ila ya kutolewa huuma hata ikiwa ndogo kiasi gani.

Kwa maoni yetu, nusu ya nguvu ya tozo imo katika lile swali la keshia. Mfuko wa bure hutiwa vitu bila mtu kusema neno. Wa kulipia lazima uulizwe, na ukiulizwa unatazama ulichonunua na kuona kwamba dawa ya meno na betri mbili zinaingia mfukoni mwa koti. Duka linaloning'iniza mifuko pembeni mwa mashine ya kujilipia, mteja akijichukulia mwenyewe, limeiondolea tozo makali. Hata makali ya bei nayo huchakaa. Ireland, kwa makadirio yao, ilishuka kutoka mifuko 328 kwa mtu kwa mwaka hadi 21. Watu walipoizoea bei, matumizi yakaanza kupanda tena, ndipo mwaka 2007 tozo ikaongezwa hadi senti 22.

SWALI: Nimenunua mfuko wa pamba kwa nia njema. Jirani anasema nimeharibu mazingira kuliko yeye na rambo zake. Ana hoja?

JIBU: Ana nusu ya hoja, na inafaa kuijua vizuri. Wakala wa mazingira wa England ulitoa mwaka 2011 hesabu ya gesi zinazoongeza joto, kuanzia malighafi hadi jalalani. Rambo nyepesi walizopima zilikuwa na wastani wa gramu 8. Mfuko wa plastiki nene ulikuwa na gramu 35, ule unaofanana na kitambaa lakini ni plastiki iitwayo polipropilini gramu 116, wa pamba gramu 183. Ili kila mmoja ulingane na rambo iliyotumika mara moja ikatupwa, plastiki nene inatakiwa itumike mara 4, polipropilini mara 11, pamba mara 131. Rambo ikitumika tena kuwekea taka, pamba inafika mara 327.

Ukienda dukani mara moja kwa wiki, mara 11 ni chini ya miezi mitatu. Mara 131 ni miaka miwili na nusu. Pamba inaanza na deni kubwa kwa sababu ya shamba, mbolea, maji na kiwanda cha nyuzi, na deni hilo hulipwa kwa safari tu. Aliye na mfuko mmoja wa pamba anaoubeba miaka mitano yuko salama. Aliye na kumi na miwili nyuma ya mlango, mingi ikiwa zawadi za makongamano, jirani anamweza.

Nusu ya pili ya hoja ndiyo inayomshinda jirani. Hesabu ile haikugusa rambo iliyoziba mtaro wala iliyomezwa na kasa. Bangladesh ilipopiga marufuku rambo mwaka 2002, shida ilikuwa mitaro kuziba na mafuriko. Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019 nazo zilisukumwa na taka kuliko gesi. Na mfuko ulionao tayari usiutupe ili ununue ulio bora zaidi. Deni lake limeshaingia, uutumie hadi ushindwe.

SWALI: Mifuko yangu ya kutumia tena haimalizi miezi sita. Mmoja umeng'oka mpini, mwingine unapukutika kama magamba ya samaki. Nakosea wapi?

JIBU: Unaopukutika ni polipropilini iliyopigwa na jua. Mionzi ya urujuanimno hukata minyororo ya plastiki hiyo. Mfuko unapauka, unakauka, kisha ukiukunja unaacha unga mkononi. Chanzo huwa ni kuuacha nyuma ya kioo cha gari au kwenye kamba ya nguo. Ukishafika hapo hautengenezeki, na kuufua ni kumwaga chembe za plastiki kwenye maji machafu. Utupe mzima mzima, na unaofuata ukae kivulini.

Mpini una habari nyingine. Kabla ya kununua, geuza mfuko ndani nje utazame mpini ulivyoshikwa. Ulioyeyushwa kwa joto, bila uzi, huachia kwa ghafla na bila dalili. Ulioshonwa mstari mmoja mlalo nao ni mtego: matundu ya sindano hupangana kama ya stempu, na uzito ukija kitambaa hufuata matundu hayo hayo. Unaotakiwa ni mshono wa mraba wenye msalaba ndani yake, au mkanda unaoteremka ubavuni hadi kupita chini ya kitako. Kisha vuta mshono kwa vidole viwili na uuelekeze kwenye mwanga. Ukiona matundu yanafunguka, urudishe rafuni.

Uliong'oka unaweza kuokolewa. Kata kiraka cha kitambaa kigumu, sentimita 6 kwa 6, ukiweke upande wa ndani nyuma ya mpini. Shona mraba kwanza, kisha msalaba, kwa uzi wa poliesta, kwa kuwa uzi wa pamba huoza ukilowa mara kwa mara. Hatua za sindano ziwe kama milimita 3. Ukizibana sana kwa kudhani unaimarisha, unarudia kosa la stempu.

Upangaji nao unachangia. Chupa na makopo yasimame katikati ya kitako. Pembe za maboksi zielekee ndani, zisiguse ubavu. Usizidishe kilo 7 au 8 kwa mfuko, hata kama nafasi ipo. Kile kibao cha chini watu hukitupa, halafu chupa inazama upande mmoja na kuvuta mshono wa kitako. Kikipotea, kata kingine kwenye ndoo kuukuu ya plastiki. Cha boksi hulowa na kulegea.

Kuhusu kufua: pamba huvumilia mashine kwa nyuzijoto 60. Polipropilini ioshwe kwa mkono, maji ya uvuguvugu, bila kusugua kwa nguvu. Tenga mfuko mmoja wa rangi tofauti kwa nyama na samaki wabichi, maana maji yao yanayovuja ndiyo yanayopeleka vijidudu kwenye vitu visivyopikwa. Wowote ukunjwe ukiwa umekauka kabisa.

SWALI: Zamani rambo za bure nilizitumia kuwekea taka. Sasa nanunua mifuko ya taka. Nimeokoa nini?

JIBU: Si wewe peke yako. Mchumi Rebecca Taylor alichunguza miji ya California iliyozuia rambo, na mwaka 2019 akaeleza kwamba mauzo ya mifuko midogo ya taka yalipanda kwa asilimia 120. Mifuko hiyo ni mizito kuliko rambo, hivyo zaidi ya robo ya plastiki iliyookolewa ilirudi kwa mlango wa nyuma. Taka kavu hazihitaji mfuko. Mwaga moja kwa moja kwenye pipa kubwa. Za jikoni zikamue maji, uzifunge kwenye gazeti. Na usidharau pakiti kubwa za unga, mchele au chakula cha mifugo: ni nene kuliko mfuko wowote wa taka unaouzwa, na ulishazilipia.

SWALI: Ule ulioandikwa kwamba unaoza wenyewe, ndio suluhisho?

JIBU: Inategemea umeandikwa nini. Wenye alama ya kiwango cha Ulaya EN 13432 huoza kweli, lakini kipimo hicho ni cha mtambo wa mboji wenye joto la nyuzi 58 hivi, si cha shimo la nyuma ya nyumba wala cha baharini. Wenye neno "oxo" ni plastiki ya kawaida iliyotiwa dawa ya kuivunja iwe vipande. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kuanzia Julai 2021. Aina zote mbili usizichanganye na plastiki ya kurejelezwa, maana huidhoofisha ile inayoyeyushwa nayo.